Kibuyu Kilichobaki Kimejaa

Nilitoka Mugoma kwa sababu ya kibuyu cha pombe. Mkwe wangu Lazaro, dereva wa lori la mahindi ya wakimbizi, alikamatwa akitoka kwangu, akashtakiwa huko Biharamulo, anakoishi, kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Akitiwa hatiani angeweza kupoteza leseni, na bila leseni binti yangu Domina na watoto wangekula nini? Dereva mwenzake aliponiletea habari, nilivaa koti la kanisani.

Niungame mapema. Siku ile nilimkaribisha Lazaro kwa pombe yangu ya ndizi, ambayo Mugoma nzima inaisifu, mimi nikiwa wa kwanza. Kwetu mkwe hakatai. Alishika mrija, mashavu yakacheza, akashukuru. Alipoondoka nikainua kibuyu chake: kizito vilevile. Nikakinywa mwenyewe, kisha nikawatangazia majirani kuwa mkwe amekikausha.

Saa mbili asubuhi tuliondoka Ngara mjini kwa lori la yule dereva. Malori ya misaada yalikuwa yameichimba barabara, vichwa vyetu vikawa vinagonga paa. Akanieleza yaliyotokea. Kibuyu kingine, nilichompa Lazaro ampelekee Domina, kilirushwarushwa hivihivi. Pombe ikaumuka, kizibo kikaruka, yote ikamwagikia suruali yake. Mbele kidogo, kizuizi cha polisi. Alijieleza, lakini ananuka kama mtungi, nani angemwamini?

"Muzee, ulimwona akinywa?" dereva akauliza.

"Kidogo tu," nikajibu kwa majivuno. "Pombe yangu hailevyi mtu mzima."

Benaco tulisimama kunywa chai. Kambi ya wakimbizi ilijaza vilima kwa moshi na turubai, na kila mtu pale alikuwa wakili. Mmoja alishauri Lazaro atafune majani ya mpera kabla ya kesi. Mama muuza chai akamwuliza kama pombe hukaa mdomoni mwezi mzima. Tulicheka hadi chai ikapoa.

Biharamulo tulifika jioni. Kesho yake nikaenda mahakamani kumwona karani, mama wa makamo mwenye miwani.

"Mama, kunuka pombe ni kosa?"

"Kosa ni kuendesha ukiwa umelewa. Harufu ni ushahidi, lakini peke yake inaweza isitoshe. Alipimwa na daktari?"

"Hapana."

"Basi mashahidi watakuwa na uzito. Ila akisomewa shtaka akajibu ni kweli, hatabakiwa na la kubishania. Atangoja adhabu."

"Na mimi nikisema alikunywa kidogo tu?"

Akaweka kalamu chini. "Mzee, umekuja kumtetea au kumfunga?"

Kutoka hapo nilikwenda kwa Domina, nikamkuta Lazaro, yuko nje kwa dhamana.

"Shikamoo, baba. Kesho nitakubali tu, yaishe."

"Marahaba. Ukubali kosa gani?"

Akatazama viatu vyake. "Nikikataa, wataniuliza kama nilikunywa kwako."

Niliona haya, na nilimpenda kijana huyu kuliko siku niliyomwoza. Alikuwa tayari kupoteza kazi ili pombe yangu isidharauliwe.

"Sema si kweli," nikamwambia. "Mambo ya kibuyu niachie mimi."

Alikana. Shauri likapangwa juma lililofuata, nami nikangoja, nikila samaki wa Domina.

Siku ya ushahidi, hakimu aliniuliza, "Umejuaje kwamba hakunywa?"

Chumba kilikuwa kimejaa, na watu watatu walikuwa wa Mugoma.

"Mheshimiwa, kibuyu chake kilibaki kimejaa. Nilikimaliza mimi."

Hata mwendesha mashtaka aliinama kuficha kicheko. Hakimu aliona ushahidi hautoshi, akamwachia.

Lazaro ndiye aliyenirudisha, leseni yake mfukoni. Habari zilikuwa zimetutangulia; majirani walinipokea kwa jina la Mzee Nilikimaliza. Nimejifunza kwamba mgeni mwenye usukani hukaribishwa kwa kingine. Nikamkamulia mutobe, maji ya ndizi ambayo hayajachachuka. Akashika mrija, mashavu yakacheza, akashukuru.

Alipokwenda kuwasha gari, nikainua kibuyu. Kilikuwa chepesi.