Kocha Aliyeficha Daftari

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, hapa Chaussée d'Ixelles mjini Brussels, mzee aliyekuwa mbele yangu alipofungua kikopo cha dawa ya kuchua ili ainuse kabla ya kulipa. Harufu ya kafuri ikaenea mpaka mlangoni. Watu walikunja pua. Mimi nilifumba macho, maana ghafla nilikuwa na miaka kumi na mmoja, soksi zimenishuka, nimesimama kwenye uwanja wa nyasi bandia nyuma ya majengo yetu, nikimtazama mtu ambaye nyumba yetu nzima ilimshuku.

Tulimwita Monsieur Régis. Alikuwa Mfaransa wa miaka kama sitini, mwenye upara, na goti la kulia lililomfanya atembee kama mtu anayepanda ngazi isiyoonekana. Dawa ile ya kuchua alijipaka bila kipimo, kwa hiyo tulijua amefika kabla hatujamwona. Kila Jumatano mchana, siku ambayo shule hufungwa mapema, alitufundisha mpira sisi watoto wa majengo yale na hakudai chochote. Mara moja tu, tena kwa kifupi, alitueleza kwamba aliwahi kuwa kiungo wa kati katika ligi kuu ya kwao, kisha akawa kocha wa timu kubwa, kisha akaacha. Tulipomwomba atuonyeshe pasi moja ya enzi zake, alisema goti lilistaafu kabla yake.

Sasa nikueleze habari za Maman. Alitoka Bukavu na begi moja, mimi nikiwa mgongoni. Hapa Brussels alipata kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunziwa, na alishuku kila kitu: maziwa ya pakiti, mafundi wa lifti, watabiri wa hali ya hewa. Majirani waliocheka sana ndio aliowaogopa zaidi. "Meno ni mifupa," alikuwa akisema. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba waliochoma nyumba yetu kule walikuwa watu aliowahi kula nao sahani moja.

"Ule monsieur anabalipisha ngapi?" aliniuliza jioni ya kwanza.

"Hapana kitu, Maman. Ni bure."

Akaweka mwiko chini. "Bure? Mu Bruxelles hata choo ya gare ya treni banalipa! Bure iko na bei, mutoto yangu. Bei yake inakuyaka nyuma."

Jumapili akamwita mdogo wake, Tonton Deo, aliyekuwa akisafisha ofisi katika ile minara ya karibu na Gare du Nord. Tonton alijigamba kwamba anawafahamu viungo wote waliowahi kucheza Ufaransa. Alikaa kwenye kochi letu, akakunja miguu, akatoa hukumu.

"Bamilieu bote ba France naweza kukutajia kama amri kumi. Régis? Haiko mu liste."

Lakini alipotafuta kwenye simu yake, akakunjua miguu. Kulikuwa na picha ya timu ya zamani, na katika mstari wa nyuma kijana mwenye nywele nyingi na pua ileile ya Monsieur Régis. Chini yake kulikuwa na habari fupi.

"Alors," alisema Tonton, akisoma polepole na kutueleza. "Iko kweli alicheza. Alikuwa entraîneur, kocha, pia. Lakini musikie: balimufukuza kazi sababu ya mutoto ya myaka kumi na saba. Muchezaji wake."

"Sababu gani?" Maman aliuliza.

"Habakuandika."

Maman alikaa. Kwenye soko la Jumapili pale Gare du Midi alikuwa amesikia habari za wanaume wanaowadanganya watoto wa Kiafrika kwa ndoto za mpira, kisha wanawatelekeza. Alitaka niache mara moja. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mwishowe tukaelewana: ningeendelea kwenda, ila niwe jasusi wake. "Angalia yote anafanya," alisema. "Unilitee habari."

Nilikuwa jasusi hodari. Niliona kwamba Monsieur Régis alikuwa na daftari la jalada jeusi, na kwamba alilifunga pap! mtu yeyote alipomkaribia. Kisha nikaona jambo lililonitia baridi: aliyekuwa akiangaliwa zaidi nilikuwa mimi. Alikuwa akisimama upande wangu wa kushoto bila kusema neno. Alinitupia mipira kutoka upande huohuo, mmoja, wa pili, kisha akaandika. Wenzangu hakuwatupia. Niliporipoti haya nyumbani, Maman alikaza midomo na kuniambia nisiende naye popote, hata kunywa maji.

Jumatano moja alikwenda upande wa pili wa uwanja kukusanya koni, akaliacha daftari juu ya benchi. Nililifungua. Ukurasa wenye jina langu ulikuwa na duara, mishale na misalaba midogo mingi, yote upande mmoja. Chini aliandika, kwa Kifaransa, na kupiga mstari: *Mama yake asiambiwe kwanza. Nihakikishe.*

Niliuchana ukurasa ule, nikauchomeka ndani ya soksi, nikakimbia nyumbani.

Maman alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Aliusoma akiwa amesimama, na sare yake bado mwilini. Alinishika mkono na kunirudisha uwanjani kwa mwendo ambao miguu yangu haikuuweza. Wenzangu walikuwa wameondoka. Monsieur Régis alikuwa anafunga mfuko wa mipira.

"Unataka nini kwa mtoto wangu?" Maman alimuuliza kwa Kifaransa, akimsukumia karatasi kifuani.

Aliitazama karatasi. Akanitazama mimi. Nilitegemea aone haya au akasirike, lakini sura yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Madame, nipe dakika moja tu. Hapahapa, mbele yako." Akanigeukia. "Furaha, funika jicho la kulia kwa kiganja. Usichungulie. Naonyesha vidole vingapi?"

Niliona ukungu wa kijivu, na kivuli kirefu ambacho labda kilikuwa yeye. Nikabahatisha.

"Vitatu."

Nilisikia basi likifunga breki kule barabarani. Nilipoondoa kiganja, mikono yote miwili ya Monsieur Régis ilikuwa nyuma ya mgongo wake.

"Tangu lini?" Maman aliniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo iliyoniumiza kuliko kofi.

"Tangu Pasaka, Maman."

Ndiyo, msomaji wangu. Nilikuwa najua. Ukungu ulianza kama uzi mmoja kwenye kona, ukakua. Nilijigonga milangoni na kusema nimeteleza. Nilijifunza kugeuza kichwa mapema ili mpira usinikute. Niliogopa wakijua wataniondoa kwenye timu, na bila timu nilijiona si kitu.

Maman hakuwa amemaliza. "Na hii, 'mama yake asiambiwe'? Wewe ni nani hata unifiche habari za mtoto wangu?"

Monsieur Régis aliketi juu ya mfuko wa mipira, goti likalia. Alitueleza kwamba alipokuwa mchezaji aliumia goti hilo na kulificha, na kocha wake aliona akanyamaza, kwa sababu timu ilimhitaji. Aliacha mpira akiwa na miaka ishirini na tisa. Alipokuwa kocha mwenyewe, kijana mmoja wa miaka kumi na saba alianguka mazoezini, akainuka akasema hajambo. Siku ya mechi kubwa wakubwa wa timu walimtaka kijana yule uwanjani. Yeye akakataa mpaka daktari ampime. Walifungwa, naye akafukuzwa.

"Na kijana?" Maman aliuliza.

"Moyo. Walimtibu. Sasa ana watoto." Akajifuta uso. "Sikutaka kukutia hofu kwa jambo la kudhani, madame. Lakini nilikosea. Ningekuja kwako wiki ya kwanza."

"Ndiyo," alisema Maman. "Ulikosea."

Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitali. Daktari alisema utando wa nyuma ya jicho ulikuwa unabanduka kama karatasi ya ukutani, na kwamba tungechelewa kidogo tu tungekuta umekwisha. Walinipasua wiki hiyohiyo. Jicho lilipona, si lote. Hadi leo watu wa upande wa kushoto nawaona kama kupitia kioo chenye mvuke. Nilirudi uwanjani baada ya msimu mzima.

Maman alinipa sombe nimpelekee Monsieur Régis, majani ya muhogo yaliyopondwa, ndani ya kopo la aiskrimu. Alifungua, akaona kijani kile, akaniuliza kwa adabu kama ni cha kula au cha kuchua goti. Alikula na mkate, akamaliza. Lakini Maman hakuwahi kumwita kwa jina lake. Mpaka mzee yule aliporudi kwao alibaki "ule muzungu," na wakipishana njiani alimpa salamu kavu kama biskuti. Niliona aibu. Nilidhani mama yangu hana shukrani, na kwamba shaka imemla mpaka mfupa.

Mwaka huu binti yangu ana miaka minne. Mwezi uliopita mwalimu wake alinisimamisha getini, akaniambia kwa upole kwamba mtoto hageuki akiitwa kwa nyuma, pengine masikio yapimwe. Nikamjibu, "Mimi ndiye mama yake. Unadhani nisingejua?" Nikaondoka nikimburuta mtoto.

Nilifika nusu ya njia, nikasimama katikati ya watu. Ndipo nikazielewa zile salamu kavu: tangu siku ile uwanjani, Maman alikuwa ameshaacha kumshuku Monsieur Régis. Alikuwa ameilinda milango yote, miaka yote, na mgeni wa saa moja kwa wiki ndiye aliyeona kilichokuwa kwenye uso alioosha yeye kila asubuhi.

Nilirudi shuleni kesho yake, nikamwomba mwalimu radhi, nikachukua jina la daktari, nikamshukuru kwa moyo. Kumpenda bado sijaweza.