Hapana Yetu Tuliliambia Vumbi

Juzi, kwenye baraza ya kahawa kule Temeke, tulikuwa tunabishana kama Waingereza waiunganishe nchi yetu na Kenya. Kubishana gani, sote tulikuwa upande mmoja! Fundi cherehani alijipiga paja: "Kule mtu anatembea na kipande cha kitambulisho shingoni kama mbuzi wa mnadani! Aje mkubwa hapa, nitamwambia usoni!"

Mkubwa akaja. Bwana Shauri wa wilaya, Mzungu, alishuka garini, akaketi nasi mkekani, akasema kwa Kiswahili safi: "Mnataka tuungane na Kenya, au hamtaki? Semeni, nitafikisha."

Fundi akamsogezea kikombe kwa mikono miwili. "Kwanza kahawa, bwana."

Akanywa, akauliza tena. Tukamwongezea halua. Mgeni hapingwi akiwa mkekani kwako, ndivyo tulivyolelewa. Mwishowe akainuka akitabasamu: "Basi nitasema watu wa Temeke hawana neno."

Gari lilipokata kona, fundi akajipiga paja tena: "Hatutaki!"

"Hatutaki!" tukaitikia sote, na mimi mwandishi wenu sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Vumbi lilitusikia vizuri sana.