Bahari ya Mapokezi

Ilianza Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimesimama chini ya saa ya ukutani pale mapokezi, nafuta vioo vya tanki jipya kwa gazeti lililoloweshwa, wakati pikapu ya jirani yetu ilipoingia uani kinyumenyume. Nyuma ilikuwa imebeba mapipa, na kila ilipopita kwenye shimo maji yalirukia juu ya bodi.

Baba alishuka suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini. Miguu yake ilikuwa na tope jeupe. Tope lile kila mtu wa Singida mjini analijua, likikauka linakuwa kama unga na linaacha ngozi inawasha. Linatoka sehemu moja tu, ziwani.

"Bahari imefika," baba akasema.

Mimi nikaendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa tayari kimetakata.

Inabidi nieleze tulipataje samaki wa baharini, maana ukimwambia mtu hivyo huku kwetu anadhani umeota. Baba alikuwa mtunza ghala kwenye shirika la mazao. Mashirika yalipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Hakukaa kulia. Alisema zama zimegeuka, sasa kila mtu aonyeshe alichonacho, na akaanza kujenga nyumba ya wageni mbele ya nyumba yetu, upande wa barabara ya Ilongero. Lakini mwaka ule kila mtu alikuwa anafungua kitu. Huyu banda la video, yule saluni, mwingine duka la mitumba, na nyumba za wageni zilishakuwa nyingi. Baba akawa anatafuta kitu ambacho nyumba nyingine haina.

Kitu hicho alikileta baba mdogo. Yeye ni dereva wa lori, anapeleka vitunguu na alizeti Dar es Salaam. Huko alimkuta mzungu mmoja anafunga mradi wake na kugawa vyombo vya nyumba, miongoni mwavyo tanki la kioo na vilivyomo. Akaja navyo vyote. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Mmoja wa bluu mwenye mkia wa njano. Kaa mdogo anayetembea na nyumba yake mgongoni. Na mawe ya matumbawe, ambayo nilidhani ni mawe tu mpaka nilipoona juu ya moja kuna kitu kama ua lenye vidole vingi laini, na vidole vinacheza. Wale wa chungwa wanalala humo ndani. Walisafiri kwenye ndoo, baba mdogo na utingo wake wakipokezana kuwapulizia hewa kwa pampu ya baiskeli njia nzima.

Kazi ya kuwatunza nilipewa mimi. Hakuna aliyesema naweza. Mama alisema, mpeni huyu, haendi popote. Ni kweli siendi popote. Darasani jibu ninalo, lakini nasubiri mwingine aliseme, halafu nakasirika kwamba amelisema. Mbele ya samaki sihitaji kusema kitu. Naweza kukaa saa nzima na hakuna anayeniuliza mbona kimya.

Mwanzoni niliharibu. Upepo wetu huku unakausha kila kitu, na maji ya tanki yalikuwa yanapungua hata huelewi yanaenda wapi. Nikawa najazia yale ya bahari yaliyobaki kwenye dumu. Ua likaanza kujikunja kama ngumi. Baba mdogo alipopita safari iliyofuata alicheka sana.

"Mwanangu, kinachoruka ni maji. Chumvi haina mabawa."

Tangu hapo nikawa najazia maji ya mvua, kikombe kimoja kimoja, na ua likafunguka. Mgao wa umeme ukija, mashine ya mapovu inazima, basi nami nachukua pampu ya baiskeli, nachomeka kwenye mpira, napiga. Wenzangu walikuwa wanajifunza kusuka mitindo mipya, mimi mikono yangu ilikuwa na sugu za pampu. Sikuwahi kupenda kitu namna ile, na sikumwambia mtu.

Halafu baba akataka tanki kubwa. Lile la mwanzo lilikuwa chumbani kwetu nyuma, na aliona wageni hawawezi kuja kuangalia samaki chumbani kwa watoto. Fundi wa vioo akaunganisha jipya kwa vioo vinene, likawa refu kama kitanda, likawekwa mapokezi. Baba mdogo aliahidi mapipa ya maji ya bahari. Alisema pia tusihamishe samaki haraka, tuweke maji, mchanga na jiwe moja, tuache mashine izunguke majuma kadhaa kwanza, maji yakomae. Lakini giaboksi ya lori lake ikafa Morogoro. Alimtuma dereva mwenzake atuambie tusubiri.

Baba hakuweza kusubiri. Alishatangaza ufunguzi. Jumapili, watu wakitoka kanisani, na majirani zetu Waislamu vilevile, wote wangekuja kunywa soda na kuiona bahari Singida. Alimwambia muuza nyama, alimwambia mwenyekiti wa mtaa, alimwambia hata mtu tuliyempita tu barabarani. Ndipo akakumbuka kwamba sisi hapa tuna ziwa la chumvi, ng'ombe wenyewe hawanywi, na maji yake hayauzwi na mtu.

Jumamosi ile basi, wakaanza kumimina. Baba, fundi wa vioo na yule jirani mwenye pikapu. Niliambiwa nishike chujio la kitambaa mdomoni mwa tanki, maji yakawa yanapita juu ya vidole vyangu. Yalikuwa yanateleza. Nilisugua kidole kwa kidole na vikateleza tena, kama vina sabuni. Nikajua nimeushika wapi utelezi ule. Ni kwenye sufuria ya maharage. Mama akiona maharage magumu anatia magadi, na mimi ndiye ninayeosha sufuria. Maharage yaliyokataa moto mchana kutwa yakitiwa magadi kidogo tu yanavurugika, ganda linabaki peke yake.

Nikawafikiria samaki, yale mashavu yao mekundu ya kupumulia, yanayofunguka na kufungika, laini kuliko harage lolote.

Tanki likafika nusu. Sentensi niliyohitaji ilikuwa fupi. Baba, maji haya yana magadi. Niliipanga kichwani, nikaigeuza, nikaanza na samahani, nikaondoa samahani. Nikaacha chujio, nikaenda jikoni, nikarudi, nikaenda tena. Mama alikuwa anachambua mchele wa kesho. Nilimwambia yeye. Alitia kidole kwenye tone lililobaki mkononi mwangu, akalipeleka ulimini, akatema.

"Mwambie mwenyewe," akasema. "Mimi mwaka huu nimeshasema mangapi?"

Mara umeme ukakatika, na mimi nikakimbilia chumbani kupiga pampu. Nikipiga nasikia wanaume mapokezi wanasifiana. Fundi anasema kioo chake kinaweza kubeba Ziwa Tanganyika. Jirani anasema wageni wa Sepuka watalala hapa kwa ajili ya kutazama tu. Nilipiga haraka kuliko inavyotakiwa, samaki wakajificha. Nikaacha. Nikasimama. Nikakaa. Nikatoka na pampu mkononi, nikafika mlangoni pa mapokezi na kuiambia sakafu:

"Baba, maji haya yana magadi."

"Umesema?"

Nikarudia. Ya pili ilitoka ndogo kuliko ya kwanza.

Fundi akasema mwalimu ameingia darasani, tusimame. Halafu akaniuliza kwa upole wa kunichekea, magadi si chumvi? Na bahari si chumvi? Sasa samaki wa chumvi anakataa chumvi? Jirani akadakia kwamba labda huyu anataka ile ya pakiti, yenye madini joto. Wakacheka. Baba hakucheka, na hilo nataka liandikwe. Aliniangalia, akaangalia tanki lake lililojaa, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Tumjaribu mmoja," akasema.

Akaenda chumbani mwenyewe. Nilidhani atamchukua kaa, ambaye ana nyumba ya kujifungia. Alirudi na yule wa bluu kwenye bakuli, akamtia.

Kwanza alishuka moja kwa moja mpaka chini. Nikasikia fundi anasema mnaona sasa. Kisha akapanda juu kama aliyefukuzwa, akagonga kioo, akageuka, akagonga kingine, mdomo nje ya maji unatafuna hewa. Halafu akalala ubavu. Sikuomba ruhusa. Niliingiza mkono mpaka kwapani, nikamkomba, nikakimbia naye maji yakinichuruzika hadi kwenye sketi, nikamrudisha kwenye maji yake.

Niliporudi baba alikuwa anawaeleza wenzake kwa sauti ya mwenye nyumba.

"Mgeni yeyote siku ya kwanza anashtuka. Mtu akishuka basi pale stendi, si anayumba? Akilala anazoea. Kesho saa moja tunawahamisha wote kwa pamoja, wakiwa wengi hawataogopa."

Wakakubali. Nadhani walikubali kwa sababu waliona mapipa yalivyokuwa mazito.

Yule wa bluu alijiegemeza kwenye jiwe. Nilikaa naye. Nilimpigia hewa hata umeme uliporudi, mashine inapiga na mimi napiga. Nilitoka kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Mama aliponiita nikaleta chakula mezani, nikaenda kumwangalia kabla ya kunawa, na mashavu yake yalikuwa yamesimama. Rangi ilishaanza kumtoka.

Nilimweka kwenye sahani ndogo ya chai na kwenda naye mezani. Nilimweka mbele ya baba, kando ya mboga. Sijui nilipata wapi ujasiri huo, labda kwa kuwa haukuhitaji maneno. Mama aliacha kumega ugali. Baba alimgeuza samaki kwa ncha ya kidole.

"Huyu alikuwa dhaifu tangu alipofika," akasema.

Halafu akaendelea kula, lakini taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Hakusema kwamba kesho hatutahamisha. Nilisubiri aseme. Nilisubiri mpaka sahani zikaondolewa, mpaka taarifa ya habari ikaisha, mpaka akajinyoosha na kusema saa moja kamili, mtu asichelewe.

Kitandani nilifikiria mambo ya kijinga. Nivunje kioo. Nimpelekee habari baba mdogo, ambaye yuko Morogoro anatafuta giaboksi. Niseme naumwa. Kila nilipogeuka kitanda kililia, na ng'ambo ya chumba nilisikia mapovu.

Asubuhi kulipoanza kupambazuka nilichukua mpira wa kunyonyea dizeli ambao baba mdogo aliuacha kwetu safari moja. Nilikuwa nimeuosha na bado ulinuka. Nikatumbukiza ncha moja kwenye tanki kubwa, nyingine nikaipitisha mlangoni hadi uani, nikachuchumaa nikavuta kwa mdomo. Maji yalikuja kwa nguvu kuliko nilivyotegemea. Yalikuwa machungu, yakanifunga koo. Nikatema, nikaelekeza mpira kwenye mfereji wa barabarani ili yasiue mchicha wa mama, nikarudi ndani na ndoo, kwa sababu mpira peke yake ungechukua muda, na saa moja haikuwa mbali.

Nilishapunguza robo hivi baba alipotokea, fulana ya ndani, mswaki mdomoni. Alisimama. Nikachota, nikatoka, nikamwaga, nikarudi, na yeye bado amesimama. Nilikuwa sijamsalimu. Sijawahi kumpita baba asubuhi bila kumsalimu, tangu nijue kusema.

Akatoa mswaki. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Na watu waje waone nini?"

Nilikuwa nimeshika ndoo iliyojaa, inaninyonga vidole. Nikasema waone wale wawili na kaa, chumbani kwetu, wawili wawili waingie, mimi nitawaeleza. Nilisema nitawaeleza. Nilijisikia nikilisema, na masikio yakawaka moto.

"Wewe?"

"Mimi. Shikamoo, baba."

Aliangalia mpira unavyotoa maji, akaangalia ule mstari mweupe ambao tayari ulikuwa umeanza kukauka kwenye kioo mahali maji yalipofika jana.

"Marahaba," akasema. Kisha, akiwa ameshageuka kwenda kupiga mswaki: "Ukimaliza, lisuuze tanki kwa maji ya bomba. Hiyo chumvi ikikauka haitoki."

Nikamwaga ile ndoo. Nikarudi kuchota nyingine.