Mlango wa Mepo

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye duka la samani kuukuu huko Farsta, nikaona mlango wa kabati wenye mawimbi ndani ya mbao. Nikauinamisha kwenye mwanga, mawimbi yakahama. Wengine wakikumbuka utoto hutabasamu; mimi, ndugu yangu, hukasirika.

Miaka ya themanini baba yangu, mkimbizi kutoka Uganda, alifanya kazi katika karakana ya samani karibu na Tumba, huku Uswidi. Alikuwa kwenye majaribio. Akifaulu, aajiriwe moja kwa moja. Shule zikifungwa nilikwenda naye, maana Kiswidi chake kilikuwa cha salamu tu na changu kilikuwa cha darasani. Mkuu wa karakana simpendi hadi leo. Alikuwa na mdomo wa dharau, na kila alipomwita baba alimwonyesha ufagio, yeye aliyekuwa fundi kwa miaka ishirini. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: maandazi yake ya mdalasini ya saa nne yalikuwa matamu. Niliyala kwa hasira.

Humo ndimo baba alimonifundisha kuijua mbao ya mepo, mti wa nchi za baridi. Ya kawaida ni nyeupe, haina makuu. Lakini mara chache hupatikana iliyojikunja nyuzi. Aliipangusa kwa kitambaa kibichi, michirizi ikajitokeza. Akaigeuza, palipokuwa na kiza pakang'aa. Michirizi ya kupakwa rangi, alisema, haihami. Na mbao hii haipigwi randa kama msonobari. Inakwanguliwa taratibu kwa kibati cha chuma, la sivyo nyuzi zinang'oka.

Siku moja mkuu akauchukua mlango wa mepo wa kabati la mteja, akaupiga randa mwenyewe. Baba alimzuia kwa ishara za mikono, akasukumwa kando. Nyuzi zikang'oka, ubao ukabaki na vishimo kama uso uliopona ndui. Mwenye kabati, bibi mmoja wa Kiswidi, alipokuja kuuchukua, mkuu akamnyooshea baba kidole.

Baba akanigeukia. "Mwambie mama huyu, kwa adabu, si mimi niliyeshika randa."

Karakana nzima ikanitazama. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, na nilimwonea baba haya: koti lake linalonuka gundi, mikono yake inayosema badala ya mdomo. Nilitaka tu watuache. Nikasema kwa Kiswidi kwamba baba anaomba radhi.

Katika maneno machache ya Kiswidi aliyoyajua baba, hilo la kuomba radhi ndilo alilolitumia kila siku. Alinitazama, akavua aproni, akaikunja vizuri. Kazi ikaishia hapo. Kwenye treni hakunigombeza.

Karakana imebomolewa, pamejengwa maghorofa. Mkuu sijui alizikwa wapi, wala sitauliza. Baba naye hayupo. Miaka yake yote iliyobaki aliomba wakalimani wa serikali, hata mbele ya daktari wake wa mwisho, nami nimeketi pembeni yake, nikizijua lugha zote mbili.