Dawa ya Chunjua Niliyokwenda Nayo Ukweni

Chekeni tu, maana hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya mtu mwingine, lakini aibu niliyoipata Mbita nikiikumbuka najifunika blanketi hadi kichwani, mchana kweupe.

Nilikuwa na chunjua kwenye kidole gumba cha kulia, na haikuwahi kunisumbua hadi Achieng', mchumba wangu, aliponiambia baba yake anataka kuniona. Mzee asiponikubali, hakuna ndoa. Basi nikaenda duka la dawa pale Manyatta, mama mwenye duka akaniuzia kichupa akasema, "Tone moja kila jioni, alafu ungoje. Hii kitu haitaki haraka." Lakini mimi (akili zangu hizi!) nikaona kama tone moja linakwenda polepole, mengi yatakimbia, nikapaka, nikapaka tena, nikafunga plasta, na asubuhi nikapanda feri Luanda Kotieno kuvuka kwenda kwao Mbita, gumba ndani ya plasta likiwa jeupe, laini, kama limechemshwa.

Ziwa lilikuwa limetulia mno siku hiyo, magugu maji yanapita taratibu, maji yanang'aa mpaka macho yanakuwa mazito, nami nikaanza kuota hivyohivyo nimesimama: nyumba yetu, Achieng' mlangoni, Mzee ananiita mwanangu. Ndoto tamu jamani. Nilishuka nayo feri, nikaingia nayo ukweni, nikanawa nayo maji ya moto, nikaketi nayo mezani na Mzee, ugali mmoja katikati yetu na samaki ngege wa mchuzi, nikawa namega na kubonyeza, namega na kubonyeza, niko mbali kabisa.

Mzee akaacha kutafuna. Akatia vidole mdomoni, akavuta polepole, ikatoka plasta, na kipande cha ngozi yangu bado kimeng'ang'ania.

"Kijana," akasema, "hii ni yako?"

Nilitamani ziwa linimeze. Nikaeleza yote, kichupa, tone, haraka yangu, huku Mzee anasukutua mdomo nje kwa kelele. Achieng' akaja akashika ule mkono mbele ya kila mtu.

"Hii mkono nimeishika mwaka mzima na hiyo chunjua. Nani alikuambia itoke?"

Nilikaribia kulia, kwa aibu na kwa kumpenda.

Siku hizi nikiambiwa tone, ni tone. Achieng' ni mke wangu, Mzee alikubali baada ya kubembelezwa sana. Ila tukienda Mbita, wote wanazunguka ugali mmoja, na mimi Mzee ananiwekea sahani yangu pembeni, na kijiko.