Nani Anaiharibu Saksofoni Yangu

Niliporudi Kasongo na diploma yangu ya ualimu, enzi za Wabelgiji, watu walisema mtoto wa walima mpunga hataweza kupiga saksofoni. Hawakujua kwamba kule Bukavu nilikosomea nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, kwa kuazima saksofoni za wenzangu. Mfanyabiashara mmoja Mgiriki alipokuwa akifunga duka lake, nilinunua ya kwake. Baba mdogo alinikopesha mbuzi jike, shangazi gunia la mchele, nikaviuza. Sharti lao lilikuwa moja: mavuno yajayo yakinikuta sijarudisha, saksofoni ni yao.

"Ile kitu itakushinda," shangazi aliniambia. "Diploma haina midomo."

Nyumbani, kila asubuhi, ililia laini kabisa. Nikamchukua binamu yangu, mpiga ngoma, tukaenda kupiga kwenye sherehe ya ubatizo. Wimbo wa kwanza tu, saksofoni ikatoa mlio mwembamba, mkali, katikati ya sauti yangu nzuri.

"Yaya, iko na panya ndani?" mtu aliuliza, akiniita kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu, na uwanja mzima ukacheka.

Kwenye sherehe ya mji wa Nyangwe ikawa hivyo hivyo. Baba mdogo alikuwepo. Baada ya ngoma alikuja kuishika saksofoni, akaipima uzito mkononi kama kitu chake tayari.

Wengine wangemtafuta mganga. Mimi nilitumia akili. Nililegeza meno niliyobania mdomo wa saksofoni. Nikabadilisha ulimi wa mwanzi unaofungwa mdomoni mwa saksofoni, nikaulowesha vizuri kwa mate kabla ya kupiga. Nyumbani, hakuna kelele. Kwenye sherehe, panya yule yule. Basi ugonjwa haukuwa kwangu, ulikuwa unanifuata safarini. Na aliyesafiri nami, akibeba sanduku la saksofoni bila hata kuombwa, alikuwa binamu. Nikaanza kumchunguza. Alipocheka, nilijiuliza anacheka nini.

Kwenye sherehe iliyofuata, kijiji cha Wamaza, nilijifanya naenda kuwasalimu wenyeji, kumbe nimesimama nyuma ya jiko. Binamu aliwasha moto wa nyasi, akazipanga ngoma zake kuuzunguka. Kisha akafungua sanduku langu, akaitoa saksofoni na kuigeuzageuza karibu na moto kama anachoma muhindi.

"Unafanya nini?"

Hakushtuka. "Naikausha, yaya. Ngoma bila moto hailie."

"Hii ni shaba."

"Weye mwenyewe ulisema ndani iko ngozi. Ngozi ni ngozi."

Ni kweli nilikuwa nimemwonyesha vile vifuniko vidogo vya ngozi vinavyoziba matundu. Lakini mbona alikuwa akisubiri nigeuke? Alisema hakutaka kunisumbua. Swali hilo sijalimaliza hadi leo.

Nilichukua karatasi ya sigara, nikaibana chini ya kila kifuniko na kuivuta polepole. Penye ngozi nzima ilishikwa. Chini ya vifuniko viwili iliteleza bila kizuizi: ngozi ilikuwa imekauka na kukunjamana, pumzi inatorokea hapo; nyumbani unyevu wa usiku ulikuwa ukiinyoosha tena. Ulimi wa mwanzi nao ulikuwa umejipinda ncha kwa joto. Niliweka mpya, nikakata ngozi laini ya mwanambuzi, nikaibandika kwa ulimbo. Hakuna aliyenifundisha hilo.

Ikabaki Kabambare, sherehe ya mwisho kabla ya mavuno. Karani mmoja alikuwa akiozesha binti yake, na alikuwa ameahidi mbuzi jike na gunia la mchele. Habari za panya zilikuwa zimemfikia. "Ikilia vibaya, mutakula tu na kurudi," alisema. Kwenye lori nilipakata sanduku mwenyewe. Ngoma zilipopelekwa motoni, nilikaa mbali, sanduku kati ya miguu yangu, na sahani ya wali juu yake.

Karani alisimama karibu nami, ametega sikio, akisubiri. Nilipiga mpaka akachoka kusubiri, akaenda kucheza.

Kesho yake tulirudi Kasongo na mbuzi na gunia, nikawaita wote wawili uani. Baba mdogo alifunua midomo ya mbuzi, akahesabu meno, akainua mkia.

"Ya kwangu ilikuwa na mimba."

"Haikuwa nayo, baba mudogo."

Alimgeukia shangazi amsaidie, lakini shangazi alikuwa ameingiza mkono ndani ya gunia mpaka begani, anatafuta mawe. Nilisimama pale, saksofoni shingoni, mpaka shangazi alipofika chini kabisa bila kupata jiwe.