Shemeji Bonaventura Atafuta Pa Kuvulia

"Ukoo wenu mzima mmekaa kando ya ziwa hili tangu enzi za babu zenu, na hakuna hata mmoja aliyenitamkia kwamba maji ya hapa hayapwi."

Maneno hayo alinirushia shemeji yangu Bonaventura, mume wa dada yangu Melania, akiwa amesimama mlangoni kwangu Ujiji na suruali imelowa hadi kiunoni. Nikamjibu kwamba hakuuliza. Mgeni hutamwambia kuku wa hapa hawapandi ngazi, mpaka umwone amewawekea ngazi.

Ilikuwa mwaka tisini na sita, ule wakimbizi walipoujaza mji hadi wakalala uwanja wa mpira. Bonaventura ni mtu wa Pangani, pale mto unapoingia baharini. Ukimsikiliza, kwao mtu husimama penye kivuko akavua samaki wa maji baridi, kisha akageuza shingo tu akavua wa maji ya chumvi. Reli ilimhamishia Kigoma akiwa gadi, yule anayekagua mabehewa kabla treni haijaondoka. Siku yake ya kwanza ya mapumziko akaniuliza ni wapi pa kuvulia pasipo na mwenyewe, nami nikamwonyesha ufuko wa Ujiji, ambao ni wa kila mtu. Akachomeka mti kwenye maji ya magotini, akaufunga mshipi wenye ndoana, akaketi kivulini kungoja maji yapwe akamwokote samaki wake. Akangoja. Watoto wakaja kumtazama, wakaondoka, wakarudi na wenzao. Jioni upepo ukapiga, mawimbi yakachukua mti na mshipi, naye akavifuata na viatu vya kazini miguuni.

Ubaya ni kwamba mshipi haukuwa wake. Alikuwa ameuazima kwa Niyibizi, Mrundi wa Rumonge, aliyevuka kwa mtumbwi na mkewe Léoncie wakapewa chumba cha uani kwa Melania, mtaa wa Buzebazeba, wakingoja kupelekwa kambini. Kwao walitoka na sufuria, blanketi na mshipi ule, ambao ulikuwa wa baba yake. Lori la kambi lilikuja kabla Bonaventura hajapata mwingine. Akasimama kando ya lori, kofia mkononi, akamwambia Niyibizi kwamba mshipi wa baba haununuliki dukani, kwa hiyo atamlipa samaki, tena atamvua yeye mwenyewe kwa mkono wake.

"Nitamdai, Mzee," akasema Niyibizi kutoka juu ya lori, na watu wakacheka.

Miaka ikaenda. Shemeji akastaafu, asiguse tena mshipi wala kutaja kupwa kwa maji. Ila kila Melania alipomwekea samaki alionja, akatamka "maji tu," akaomba chumvi ya Uvinza, akammwagia mpaka samaki akaonekana kama amepigwa chokaa.

Halafu ukaja mwaka wa wakimbizi kurudishwa kwao. Niyibizi alituma salamu kwamba jina lake limetoka, wiki ijayo wanapanda basi la kuvuka mpaka, na amepata kibali cha kushuka mjini kuaga. Jumamosi tu, jioni gari linamrudisha. Bonaventura aliposikia hakulala vizuri. Asipolipa Jumamosi hiyo, deni litavuka mpaka na mwenyewe.

Akaanza kukagua mji kama alivyokagua mabehewa. Alitaka mahali pa umma. Hakutaka kupiga hodi kwenye uzio wa mtu ili amlipe rafiki yake. Ufuko wa Kibirizi aliuendea wakati wa giza, mwezi haupo, siku ambazo mitumbwi hurudi asubuhi imejaa dagaa na akina mama huwaanika mchangani pote. Alikanyaga dagaa wa Mama Skolastika, akafukuzwa kwa fagio hadi barabarani. Mtu mwingine akamwambia Gombe ni hifadhi ya wananchi. Nikamweleza kwamba wananchi wa kule ni sokwe, na hata wao hawaruhusiwi ndoana. Ujiji hakutaka hata kuisikia.

Nikamwambia aende Bangwe basi, kwenye majabali, maji yana kina na kuhe, wale samaki wakubwa, wanapita chini ya miguu yako. Akaenda. Akarudi akasema hapafai.

"Pana nini?"

"Mawe."

"Mawe yamekufanya nini, shemeji?"

"Ya kupanda na kushuka."

Nilicheka mpaka Melania akanikanya.

Siku mbili kabla ya Jumamosi akatangaza amepata: ile bustani ya manispaa iliyopandwa miti ya miashoki, inayoteremka polepole hadi majini. Nikamuuliza kama pana samaki. Akasema pana mabenchi ya saruji. Nikarudia, samaki. Akasema pana choo, na mlinzi wake ni mtu msafi. Mimi pale napajua. Maji yanafika kwenye fundo la mguu, na anayeishi humo ni chura.

"Gadi mzima," nikamwambia, "umekagua treni yote ukasahau injini."

Jumamosi tukatangulia, mimi na jiko langu na sufuria ya ugali, Melania na mkeka. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kutosha siku nzima. Gari likasimama juu barabarani, akashuka Léoncie, nywele zimeingia mvi. Akageuka kumshika mtu kiwiko. Niyibizi aliteremka kwa fimbo, mguu wa kulia umenyooka kama mwiko, haukunjiki. Ukuta wa nyumba aliyokuwa akijijengea kambini ulimwangukia. Akakataa kushikwa, akaishuka ile njia ya bustani mwenyewe, polepole, mpaka kwenye benchi lililo karibu kabisa na maji. Akaketi, akautanguliza mguu wake mbele.

"Bwakeye, Mzee," akamsalimia Bonaventura kwa Kirundi chake. "Umenitafutia kiti cha mfalme."

Nikamvuta shemeji pembeni. Kumbe wakati wa Pasaka alikwenda kambini kumwona Niyibizi, akauona ule mguu.

"Mbona hukusema habari ya mguu?"

"Hukuuliza, shemeji."

Nikaenda kuwasha jiko.

Wakavua. Saa zikapita, chambo kikaliwa na wasioonekana. Bonaventura kila mara anatazama barabarani kama gari limekuja. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Kongo pale mshipi wake ulipotikisika akauvuta kwa nguvu za kumtoa kiboko. Akatoka samaki urefu wa kidole cha kati. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Bonaventura akamwangalia, akaniomba nikimbie sokoni nilete mgebuka wa maana.

Niyibizi, ambaye mgebuka kwao huitwa mukeke, akatikisa kichwa. "Huyo mukeke wa sokoni amevuliwa na nani? Mimi simdai. Nakudai wewe."

Basi nikamchoma yule mdogo. Bonaventura akatoa kwenye mfuko wa shati chumvi yake, imefungwa kwa karatasi, akammwagia kama kawaida yake. Niyibizi akamkata mkia akampa Léoncie, yeye akaanza kichwani, akatafuna na miiba yote, hakubakiza kitu. Léoncie akafumba macho kwa ile chumvi.

"Huyu amekuwa wa baharini," akasema mumewe, akilamba vidole. "Urakoze, Mzee, asante. Mshipi wa baba umerudi, sikudai tena. Sasa nipe maji ya kunywa, umeniua."

Bonaventura akachukua kikombe, akaenda kuchota. Hakwenda mbali. Maji yalikuwa palepale yalipokuwa asubuhi.